MGENI WA KULIPA NA MBWA WA NYUMBANI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe akakipa haki yake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zetu Waislamu,

Tuliulizwa suala moja katika darasa yetu ya baada ya Isha, nasi tukalijibu vibaya. Na kwa kuwa jawabu letu lilitoka mbele ya watu, na likaleta madhara, yatupasa tulirejee mbele ya watu. Hii ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Mwenye kuuliza ni mtu wa mji wetu, mwenye nyumba pembezoni mwa mji aliyoirithi kwa babake. Nyumba ina ua mkubwa, na vyumba viwili vya chini vimekaa vitupu tangu wanawe wakubwa walipooa na kuolewa. Vyumba hivyo akawa huvikodisha kwa wasafiri: huyu siku mbili, yule siku tatu, mwengine wiki. Na pale nyumbani alikuwa na mbwa wawili wa kulinda, aliowaweka baada ya wezi kumvunjia mara mbili. Akatuuliza: "Sheikh, fedha nizipatazo kwa wageni hawa ni halali, na hali nyumbani mna mbwa?"

Sisi usiku ule tulikuwa tumechoka, na bawabu wa msikiti alikuwa akingojea kufunga milango. Tukamjibu kwa neno moja: "Watoe mbwa." Hatukumuuliza mbwa hao ni wa kazi gani, wala hulala wapi, wala wageni huambiwa nini. Tulitoa hukumu kabla ya kuijua kesi, na hilo ni kosa ambalo tungalimkaripia mwanafunzi wetu mdogo kabisa lau angalilitenda.

Mtu yule alitii. Aliwatia mbwa garini usiku, akawapeleka mbali katika njia ya bara, akawaacha. Mmoja hakuonekana tena. Wa pili, naye ni jike, alirudi siku ya tisa, mbavu zikihesabika, akajilaza mlangoni. Watoto walilia, na baba yao hakuwa na moyo wa kumfukuza mara ya pili. Lakini alikwisha ambiwa na sheikh amtoe! Basi akaona haya kwetu na khofu kwa wageni, akamficha katika ua mdogo nyuma ya jikoni. Na kila mgeni aliyeuliza akamjibu kuwa nyumba haina mnyama.

Haukupita muda, akaja kijana mmoja kutoka bara pamoja na mama yake mtu mzima, kupumzika siku tatu. Alfajiri ya siku ya mwisho mlango wa nyuma ulisahauliwa wazi. Yule mama alisimama kusali sunna, kisha akatoka uani kuchota maji mengine, akamkuta mbwa ameingiza kinywa katika ndoo ile ile aliyotawadhia. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kiti, akamwambia mwanawe: "Mwanangu, sala zangu za siku tatu ziko wapi?" Na mwenye nyumba alipokuja mbio kumuomba radhi, alimwambia maneno ambayo mwenyewe alitufikishia huku machozi yakimtoka: "Ungaliniambia tu, mwanangu. Ningalichagua mwenyewe."

Ndugu zetu, katika maneno ya mama huyu mna elimu ambayo sisi tuliikosa usiku ule. Hakulalamika kuwa nyumba ina mbwa. Alilalamika kuwa alinyang'anywa nafasi ya kuchagua. Basi natutazame sharia yasemaje, jambo moja baada ya jingine.

KWANZA: JE, YAFAA KUWEKA MBWA?

Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa mwenye kuweka mbwa hupungukiwa na ujira wake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, au wa kuchunga wanyama, au wa kulinda shamba. Na Qur'ani katika sura ya Al-Maida imehalalisha kile wanachokamata wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Na katika sura ya Al-Kahf imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyenyoosha mikono yake pale kizingitini. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wakakhitalifiana juu ya mbwa wa kulinda nyumba, kwa kuwa hakutajwa kwa jina katika Hadithi hizo. Na kauli iliyo sahihi zaidi kwao ni kuwa yajuzu kumweka, kwa kumlinganisha na wale waliotajwa, maana sababu ni moja: haja ya kulinda.

Basi mtu aliyevunjiwa nyumba mara mbili, akaweka mbwa wa kumlinda, hakufanya haramu. Lakini mwenye kuweka mbwa kwa fahari tu, au ili wageni wapate cha kuchezea, huyo hayumo katika ruhusa hii, na ajihesabu mwenyewe kila siku apoteza nini.

Huenda mtu akasema: "Na Malaika je? Si imepokewa kuwa hawaingii katika nyumba yenye mbwa?" Naam, imepokewa, na ni Hadithi sahihi. Wako maulamaa waliosema, akiwamo Imam Khattabi, kuwa Hadithi hii haimkusudii mbwa aliyeruhusiwa; na Imam Nawawi akaona dhahiri yake ni kwa kila mbwa. Mwenye kutaka kujitoa katika khitilafu hii njia yake ni nyepesi: mbwa wa ulinzi mahali pake ni uani na mlangoni. Kazi yake iko nje. Hana haja ya chumba cha kulala, wala ukumbi, wala jikoni.

PILI: FEDHA ZA CHUMBA NI HALALI?

Wako waliomwambia ndugu yetu kuwa fedha zake ni haramu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa. Hii ni kuchanganya mambo mawili. Kilichokatazwa ni kumuuza mbwa na kula fedha zake. Ama mwenye kukodisha chumba hauzi mbwa; auza manufaa ya chumba: kitanda, dari, maji na utulivu wa siku kadha. Hiyo ni ijara, na ijara ni halali, awe mkodishaji ana mbwa au hana.

Lakini ijara ina sharti zake, na hapa ndipo penye mzigo wa maneno yetu.

TATU: KUFICHA NI GHASHI

Kazi ya kupokea wageni si ngeni kwetu watu wa pwani. Tangu zamani majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na baina ya pepo hizo mbili mabaharia na wafanyabiashara walilala katika miji yetu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona jambo akaliandika: chombo kikitia nanga, vijana wa mji huja kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hukaa kwa mwenyeji yule, na mwenyeji ndiye amuuziaye na kumnunulia. Na mtu akimpunja mgeni, au akifanya naye biashara nyuma ya mwenyeji wake, biashara hiyo haikubaliwi. Tazameni! Mwenyeji alikuwa akifaidika kwa mgeni, hapana shaka. Lakini pia alikuwa mdhamini wake, jicho lake na ulimi wake katika mji asioujua.

Safari ile ile alifika Mombasa, akalala usiku mmoja. Akataja kuwa watu wake wafuata madhehebu ya Shafii, na kuwa katika kila mlango wa msikiti mna kisima, na mwenye kuingia huosha miguu kwanza, kisha akaipangusa katika mkeka mzito uliotandikwa pale, kwani watu walikuwa wakienda miguu mitupu. Hawa ndio wazee wetu. Walijua kuwa usafi wa mahali pa kusali huanza mlangoni, na kuwa mgeni hawezi kuujua ila mwenyeji amwoneshe.

Hivi leo jahazi ni simu. Tangu ilipoanzishwa kampuni ya Airbnb kule Marekani mwaka 2008, na nyengine mfano wake, mtu aweza kutangaza chumba chake Lamu au Malindi au Mombasa, na mgeni akalipa akiwa Nairobi au London kabla hajauona mlango. Basi angalieni: mgeni huyu amenunua kitu asichokiona. Madhehebu yetu ni makali sana juu ya kuuza na kukodisha kitu ambacho mwenye kulipa hakukiona. Na hao maulamaa walioruhusu wamempa mwenye kulipa khiyari ya kukikataa pindi akionapo. Maelezo ya mwenye nyumba ndiyo macho ya mgeni. Mwenye kuficha katika maelezo hayo amempofua mtu, kisha akamtoza fedha.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta chungu ya nafaka, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta umaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwambia kwa nini hakuiweka juu watu waione, akatufundisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Ndugu zetu, nafaka iliyolowa haikuwa haramu kuuzwa. Haramu ilikuwa ni kuweka kavu juu na mbichi chini. Na mbwa wa ulinzi ni vivyo hivyo. Kuwako kwake si haramu; haramu ni kumweka nyuma ya jikoni na kumwambia mgeni kuwa hayuko.

Huenda mtu akasema: "Lakini Sayyidna Umar alipokuwa safarini pamoja na Amr bin Al-As wakafika penye birika, Amr akamuuliza mwenye birika kama wanyama wa mwitu huja kunywa hapo, Umar akamkataza mwenye birika asiwaambie. Basi si afadhali mgeni asijue?" Twamjibu: Umar alikuwa akijikataza yeye na wenziwe kuchimbua shaka. Yale yalikuwa maji ya njiani, wala hakuna aliyeyauza kwa maneno ya uongo. Hiyo ni adabu ya mwenye kutumia, asijitie wasiwasi. Si ruhusa kwa mwenye kuuza, aliye na yakini ya anachokijua, akanushe kwa mwenye kumuuliza. Mgeni na asipekue. Mwenyeji na asifiche. Adabu mbili hizi haziondoani.

Wala asiseme mtu: "Mgeni wangu si Muislamu, mbwa hamdhuru kitu." Amana haigawanywi kwa dini ya mwenye haki. Na yuko mgeni asiye Muislamu ambaye manyoya ya mbwa humtia pumu, na yuko mwenye mtoto aliyewahi kuumwa asiyeweza kulala akisikia kubweka. Wewe hujui. Mwambie, naye atachagua mwenyewe.

NNE: AKIUMA, NI NANI MDHAMINI?

Katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu mna mas'ala ambayo kila mwenye kupokea wageni yampasa ayahifadhi. Mtu akiwa na mbwa mkali nyumbani, akamruhusu mtu kuingia bila kumpa khabari ya mbwa huyo, akaumwa, basi mwenye nyumba ni dhamini. Ama akimpa khabari, au mtu akaingia bila idhini, hapana dhamana juu yake. Tazameni uzito wote wa hukumu hii umesimama juu ya kitu kimoja: khabari. Neno moja la kweli mlangoni lamwokoa mgeni asiumwe, na lamwokoa mwenyeji na deni la Dunia na Akhera.

Na kuumwa na mbwa si jambo dogo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishadhihiri kwa mwanadamu, karibu hapana aponaye. Shirika la Afya Ulimwenguni laeleza kuwa katika kila wagonjwa 100, 99 waliupata kwa mbwa. Serikali ya Kenya mwaka 2014 ilitoa mpango wa kuuondoa ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuwachanja mbwa. Mbwa 70 katika 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mwenye mbwa asiyemchanja kila mwaka, na huku aita wageni nyumbani, ajitafutia lawama kwa Mola wake kabla ya serikali.

Na hapa twataka kuonya juu ya kosa tulilolisikia. Mtu akiumwa, asitie udongo katika jeraha kwa kudhani kuwa ndiyo tohara. Uhai kwanza. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Dini yetu haikuamrisha mtu ajidhuru kwa jina la usafi.

TANO: TOHARA BILA WASIWASI

Ama tohara yenyewe, mtoto wa chuoni aliyesoma Safina ajua kuwa mbwa kwetu ni najisi nzito: kilichoguswa naye kwa umaji huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo; na kauli yenye nguvu ni kuwa sabuni haishiki mahali pa udongo. Lakini mtoto huyo huyo ajua pia kuwa kikavu kikigusa kikavu hapana kilichonajisika. Na ndugu zetu wafuasi wa Imam Malik wasema mbwa ni tahiri, na kuosha chombo alichokiramba ni ibada tu. Na Hanafi wasema mate yake ni najisi, si mwili wake. Twayataja haya ili tusivunje heshima ya Muislamu mwenzetu mwenye mbwa kwa kudhani kuwa ametoka katika dini. Kila mtu na ashike madhehebu yake kwa elimu, wala asiyafanye fimbo.

Sasa yule mama na sala zake. Tulimwambia hivi. Yakini haiondolewi na shaka. Mbwa ameonekana katika ndoo mara moja tu, alfajiri ya siku ya mwisho. Siku zilizotangulia hapana aliyemwona wala dalili yoyote. Basi sala zake za siku hizo ni sahihi, asizirudie wala asizitilie moyo. Na alfajiri ile alikuwa amekwisha tawadha kabla mbwa hajaonekana. Akiwa hana yakini kuwa mbwa alitangulia kunywa, udhu wake ni sahihi vilevile. Maji yaliyobaki katika ndoo yamwagwe, kwani hayafiki kulla mbili, na ndoo ioshwe mara saba. Mama yule alisikiliza, akashusha pumzi, akasema: "Alhamdulillahi." Nasi tukaona haya, kwani siku tatu zile zilimwelemea kwa ajili ya uongo ambao mizizi yake ilitoka katika kinywa chetu.

SITA: HAKI YA MBWA MWENYEWE

Ndugu zetu, najisi si dhambi. Mbwa hakujiumba. Mtume (s.a.w.) ametueleza khabari ya mtu aliyeshikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa; alipotoka akamwona mbwa ahema, alamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza khofu yake ya ngozi maji, akaishika kwa meno, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamshukuru kwa hilo, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama wapata ujira hata kwa wanyama, wakajibiwa kuwa katika kila chenye uhai mna ujira. Na imepokewa pia khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Sasa yule aliyewatwaa mbwa aliowalisha yeye, waliolala mlangoni pake usiku kumlinda, akawatupa njiani pasipo maji wala chakula, amefuata khabari ipi katika hizi mbili? Na sheikh aliyemwambia awatoe, asimwambie awatoe vipi, je, yeye hana fungu lake? Kama mtu hawataki tena mbwa wake, na amtafute atakayewapokea, mwenye shamba au mwenye mifugo. Kuwatupa ni dhulma. Na mwenye kubaki nao, lishe yao, maji yao, kivuli chao na tiba yao ni wajibu juu yake, wageni wawepo wasiwepo.

SABA: LA KUFANYA

Yule ndugu yetu alikuja pamoja na kijana na mama yake, tukakaa barazani tukasema yote haya. Alirudisha fedha za siku tatu. Yule mama akazikataa nusu, akasema chumba alikilalia. Akamsamehe. Nasi tukamwomba radhi yeye na mwenye nyumba. Kisha tukakubaliana juu ya mambo ambayo twayaandika hapa kwa faida ya kila mwenye kukodisha chumba:

Katika tangazo lake aandike waziwazi: nyumba hii ina mbwa, ni wangapi, hukaa wapi, na hufunguliwa saa ngapi. Aseme hayo kabla ya kupokea fedha, wala si mgeni akishafika na mizigo na watoto usiku.

Mbwa wawe na ua wao wenye mlango unaofungwa, na vyombo vyao visichanganywe na vyombo vya nyumba. Njia ya mgeni kutoka mlangoni hadi chumbani isipite kwao.

Chumba cha mgeni kisiingiwe na mbwa kabisa, hata siku zisizo na mgeni. Na maji ya mgeni yawe ndani, yamefunikwa.

Mbwa wachanjwe, na cheti kiwepo nyumbani aoneshwe mwenye kutaka.

Mgeni akifika akaona mambo sivyo alivyoambiwa, arudishiwe fedha zake bila ya ugomvi. Na mgeni mwenye kutaka kuja na mbwa wake, naye aseme mapema. Mwenyeji ana haki ya kukubali au kukataa, kwani makubaliano ya mwanzo ndiyo yaondoayo magomvi ya mwisho.

Ndugu yetu alichelea kuwa akiandika hivyo wageni watampotea. Na kweli, mwezi wa kwanza chumba kimoja kilikaa kitupu. Hatutamdanganya mtu kuwa ukweli hauna khasara. Lakini Mtume (s.a.w.) amewabashiria muuzaji na mnunuzi kuwa wakisema kweli na kubainisha, watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Wazee wetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji adanganye.

Na neno la mwisho ni letu sisi tunaokaa mbele ya watu na vitabu. Tulidhani kuwa ukali ndio uchamungu. Tulimjibu mtu kwa neno moja, na neno hilo halikumwondolea mbwa, lilimwondolea ukweli. Alikuwa na mbwa wawili wa halali mlangoni, akawa na mbwa mmoja wa kuficha jikoni. Kila mahali ambapo mwenye kufundisha huwatia watu khofu bila ya kuwasikiliza, hapo huwafundisha kuficha. Basi enyi wanafunzi wetu, mkija kuulizwa, ulizeni kwanza. Na enyi wenye kuuliza, sheikh akikujibuni kwa haraka, mrudieni kesho yake mumwambie: "Sheikh, hukunisikiliza." Hilo si utovu wa adabu. Ni kumsaidia.

Yule mbwa wa kwanza hakupatikana mpaka leo. Ndugu yetu alirudi mara mbili katika njia ile kumtafuta, na mara ya pili tulikwenda naye. Hilo limo katika hesabu yetu, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Ewe Mola wetu, tufanye wakweli katika biashara zetu, wakarimu kwa wageni wetu, wenye huruma kwa viumbe Vyako visivyosema, na wenye subira katika kufundisha dini Yako. Usitufanye fitina kwa wenye kutuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.